“Mkuu anataka nifundishe pande zote mbili za mageuko, na viza yangu iko mikononi mwa shule”

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mwanamke, Mtanzania. Niko Tennessee, Marekani, mwaka wa pili wa mkataba, kwa viza ya J-1 ya walimu wa kubadilishana. Nafundisha darasa la kumi katika shule ya umma kwenye mji mdogo ambao naomba usiutaje.

Nyumbani nilikuwa nafundisha mada ya mageuko kidato cha nne. Wanafunzi walisoma Lamarck, wakasoma Darwin, wakajibu mtihani, Jumapili kila mtu akaenda kanisani kwake. Sikuwahi kupigiwa simu na mzazi hata mmoja. Hapa mada inaanza baada ya likizo fupi ya Machi, na tayari meza yangu imejaa.

Kwanza, baba wa mwanafunzi wangu, ambaye tunasali kanisa moja, ameniletea karatasi iliyochapwa, nusu ukurasa. Anataka niisome kwa sauti kabla ya kufungua mada. Inasema nadharia ya Darwin ina mapengo, haijathibitishwa, kuna maelezo mengine kuhusu asili ya uhai, na mwanafunzi aweke akili wazi na kuzungumza na wazazi wake. Haina matusi. Haimtaji Mungu popote.

Pili, mkuu wa shule aliniita, akafunga mlango, akaniambia nifundishe pande zote mbili kwa sababu sheria ya jimbo ya 2012 inaturuhusu. Akaongeza kwamba ikiwezekana mada niimalize kwa siku mbili badala ya wiki mbili na nusu zilizo kwenye mpango wa idara. Hakuandika chochote.

Tatu, mama mmoja anataka mwanawe akae maktaba mada nzima. Anasema Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2025 kwamba ni haki yake.

Nne, wanafunzi wa klabu ya Biblia wameniomba niwafundishe habari za uumbaji baada ya masomo. Mzee wa kanisa ananiambia Mungu amenileta shule hii kwa kazi hiyo hasa.

Mwenzangu wa idara anasema nisiiguse ile karatasi, tutashtakiwa. Lakini yeye ni raia na ana ajira ya kudumu. Mimi nina mkopo nyumbani niliochukua ili nifike huku. Nikifukuzwa kazi, viza nayo imekwisha.

Mshauri, mimi naamini Mungu aliumba. Naamini pia ninachokifundisha, na havijawahi kugombana ndani yangu mpaka sasa. Kanisa hili ndilo lililonipokea, likanipa kitanda na makoti ya baridi. Nikikataa nitaonekana msaliti, na nikikubali naogopa mahakama. Wanafunzi nao wananiuliza, “Mwalimu, wewe unaamini habari ya Adamu?” Nawaambia tutafika huko.

Niisome karatasi niishi kwa amani, au nikatae?

Mwalimu Njia Panda, Tennessee

JIBU

Marahaba mwalimu, na pole.

Umeuliza swali moja, kusoma au kukataa, lakini barua yako ina watu wanne walioomba vitu vinne tofauti. Kila kimoja kina sheria yake na hatari yake. Vimekufikia kwa mpigo, ndiyo maana unaona kama jibu la kimoja ni jibu la vyote. Sitakuamulia, kwa sababu mkataba, mkopo na kanisa ni vyako. Nitakueleza ninavyoona kila ombi lilivyo, nawe utapima.

Tuanze na karatasi. Unasema haina matusi wala haimtaji Mungu, na nahisi unatamani hilo liwe kinga. Hapo ningekuomba usimame kidogo, kwa sababu matamko ya namna hiyo yamepita mahakamani mara nyingi, na mojawapo lilitoka Tennessee yenyewe. Watu huikumbuka kesi ya Dayton tu, Julai 1925, mwalimu John Scopes alipotozwa faini ya dola 100 kwa kuvunja Sheria ya Butler iliyokataza kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama wa daraja la chini. (Mwaka 1927 mahakama ya juu ya jimbo iliifuta hukumu ile kwa kosa la utaratibu: katiba ya jimbo ilitaka faini inayozidi dola 50 ipangwe na jopo la raia, na hii ilipangwa na hakimu. Sheria yenyewe ilibaki hadi 1967.) Inayokuhusu zaidi ni ya baadaye. Mwaka 1973 Tennessee ilitunga sheria kwamba kitabu chochote cha shule kinachozungumzia asili ya binadamu kiseme hiyo ni nadharia tu, na kitoe uzito sawa kwa maelezo mengine, yakiwemo ya Mwanzo. Biblia yenyewe ikasamehewa kuwekewa tangazo hilo. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Sita iliibatilisha, na maamuzi ya mahakama hiyo ndiyo yanayoibana Tennessee mpaka leo.

Halafu kuna Tangipahoa, Louisiana. Bodi ya shule iliwataka walimu wasome tamko kwa sauti kabla ya somo la mageuko, karibu sawasawa na unavyoombwa wewe. Tamko lile liliitaja Biblia, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano ikalizuia. Utasema lako haliitaji. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Huko Cobb, Georgia, vibandiko vilivyobandikwa kwenye vitabu vya baiolojia havikumtaja Mungu pia. Hakimu aliamuru vibanduliwe Januari 2005, lakini mahakama ya rufaa ikairudisha kesi mwaka 2006 kwa sababu kumbukumbu za ushahidi zilikuwa na mapungufu, na mwisho wake pande mbili zikaelewana nje ya hukumu. Kwa hiyo anayekuambia kila tamko la namna hii hushindwa mahakamani anarahisisha mambo.

Mwaka 2005 huohuo wa vibandiko ikaja hukumu ya Dover, Pennsylvania. Tamko la bodi halikumtaja Mungu. Lilisema nadharia ya Darwin ina mapengo, likawaelekeza wanafunzi kwenye kitabu maktaba. Walimu wa sayansi walikataa kulisoma kwa kutegemea kanuni za taaluma yao, ikabidi viongozi wa wilaya waingie darasani kulisoma wenyewe. Jaji John E. Jones III, katika hukumu ya kurasa 139 ya tarehe 20 Desemba 2005, hakuishia kwenye maneno yaliyoandikwa. Aliangalia yalikotoka: wajumbe wa bodi walisema nini vikaoni, nani alichangisha fedha za kununulia vile vitabu. Zilichangishwa kanisani. Wilaya ilishindwa, ikalipa gharama za mawakili zaidi ya dola milioni moja.

Sasa rudi kwenye karatasi yako na ujiulize imetoka wapi. Imeletwa na muumini mwenzako, akampa muumini mwenzake, kwa ajili ya mada moja tu katika mwaka mzima wa masomo. Hakuna anayekuletea tamko kuhusu mapengo ya nadharia ya atomu. Wakili wa mzazi mwingine ataanzia hapo. Na mbele ya sheria, baba yule akiyasema maneno hayo mezani kwake ni maoni yake na ni haki yake. Ukiyasoma wewe, saa ya kipindi, mbele ya watoto waliolazimishwa na sheria kuwa shuleni, inakuwa ni jimbo la Tennessee linalosema.

Lazima nikuambie na upande wa pili. Kesi kubwa ya 1987, iliyobatilisha sheria ya Louisiana iliyotaka mageuko yakifundishwa na “sayansi ya uumbaji” ifundishwe, iliegemea kipimo cha kujua kama serikali inakuza dini, ambacho Mahakama ya Juu ilikiacha mwaka 2022, katika kesi ya kocha wa mpira aliyesali uwanjani baada ya mechi. Wapo wanaoona mlango umefunguka. Mimi naona mambo mawili yanaupunguza mlango huo: hukumu ya 1968 iliyofuta marufuku ya Arkansas ya kufundisha mageuko ilikuwepo kabla ya kipimo hicho, na yule kocha alihesabiwa kuwa anasali kwa nafsi yake, hakuwa anafundisha mtaala. Hata hivyo, wakili mwangalifu hatakuahidi mahakama itasema nini kesho.

Tuje kwa mkuu wa shule. Hili kwangu ni zito kuliko karatasi, ingawa wewe umelipitia haraka. Umeipokea kauli yake kwamba sheria ya 2012 inaruhusu pande zote mbili. Isome. Inasema viongozi wa elimu, mkuu wa shule akiwemo, wasimzuie mwalimu kuwasaidia wanafunzi kuchambua nguvu na udhaifu wa kisayansi wa nadharia zilizomo katika somo, ndani ya mtaala wa jimbo. Inasema pia inalinda taarifa za kisayansi tu, na isichukuliwe kuwa inakuza mafundisho ya dini yoyote. Kwa hiyo inamzuia mkuu asimkataze mwalimu. Sioni mahali inapompa mkuu mamlaka ya kumlazimisha mwalimu asiyetaka, wala inapoifanya Mwanzo kuwa udhaifu wa kisayansi. Kujadili kwa nini kumbukumbu za visukuku, yaani mabaki ya kale ya viumbe, zina mapengo, au wanasayansi wanabishana nini kuhusu kasi ya mabadiliko, kumo ndani yake kabisa.

Kilichonishtua ni mlango uliofungwa. Agizo la mdomo linamlinda aliyelitoa. Mzazi mwingine akilalamika, litageuka kuwa uamuzi wako. Kwa hiyo kabla ya kukubali au kukataa, kuna hatua ya tatu: kuliweka kwenye maandishi. Tumia barua pepe ya kazi, siku hiyohiyo au inayofuata mkishazungumza tena, kwa lugha ya mtu anayetaka kutekeleza vizuri. Kwa mfano: “Asante kwa mazungumzo yetu. Ili niandae mada ya mageuko ipasavyo, naomba unithibitishie mambo matatu. Upande wa pili ni maudhui gani, na nyenzo zipi zimeidhinishwa na wilaya? Je, nifupishe mada kuwa siku mbili, nikijua viwango vya jimbo vya mada hii vimo katika mtihani wa mwisho wa mwaka? Nimepokea tamko kutoka kwa mzazi, nimeliambatisha. Je, ofisi ya mkurugenzi wa shule za wilaya imeliidhinisha?” Usiweke hasira wala vifungu vya sheria. Hifadhi nakala ya karatasi nyumbani, ila ufute majina ya wanafunzi, kwa sababu siri zao zinalindwa na sheria ya shirikisho.

Mara nyingi barua ya namna hii hujibiwa kwa ukimya, au kwa kuitwa tena mlango ukifungwa. Ukiitwa, andika nyingine. Ikijibiwa kwa agizo la maandishi kutoka kwa mkurugenzi, hali inabadilika na hatari inaongezeka. Katika kanda yenu, hukumu ya 2010 ilisema mwalimu hana uhuru wa katiba wa kujiamulia maudhui ya darasa la umma. Hilo linakuzuia kuhubiri, na linakuzuia pia kudai kwamba mtaala ni wako kuupanga. Huko Ohio mwalimu wa sayansi John Freshwater alifukuzwa, na mwaka 2013 mahakama ya juu ya jimbo ikaunga mkono, kura 4 kwa 3, kwa hoja ya kukaidi amri. Yeye alikuwa anaingiza dini, wewe ungekuwa unaikataa, lakini neno “ukaidi” linaingia kwenye faili kwa njia moja. Agizo la maandishi likija, usilijibu peke yako. Mpelekee wakili kwanza.

Kuhusu kufupisha mada kuwa siku mbili, hapo sioni kesi ya katiba, naona watoto wanaokwenda kwenye mtihani mikono mitupu. Nalo hutokea sana. Watafiti Michael Berkman na Eric Plutzer, katika uchunguzi wao uliochapishwa 2011 kwa kuwahoji walimu 926 wa baiolojia wa sekondari za umma, walikuta asilimia 28 hivi wakifundisha mageuko waziwazi, 13 wakitetea uumbaji darasani, na karibu 60 wakipita katikati wakikwepa ugomvi. Nakutajia ili ujue kwamba hofu uliyo nayo wanayo raia wenye ajira za kudumu pia.

Mama wa maktaba hajatunga. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu, majaji 6 kwa 3, ilisema wazazi wa Maryland waliopinga kwa sababu za dini vitabu vya hadithi kuhusu mashoga na wasagaji walistahili kuarifiwa na kuwatoa watoto wao wakati kesi ikiendelea. Vile vilikuwa vitabu vya watoto wadogo. Kama hoja hiyo inafika kwenye baiolojia ya darasa la kumi, mahakama hiyo haikuamua. Ninachoomba usifanye ni kuliamua wewe, kwa kukubali wala kwa kukataa. Mwandikie mama kwa upole kwamba umepokea ombi na umelipeleka ofisini, kisha lipeleke. Ukimruhusu kimyakimya, mtoto akifeli utaulizwa wewe. Ukimkatalia, umejiweka mbele ya mzozo ambao wilaya ina mawakili wa kuushughulikia. Andaa pia kazi mbadala kwa viwango vilevile, endapo wilaya itakubali.

Klabu ya Biblia ina jibu fupi. Sheria ya shirikisho ya 1984 inazipa klabu za wanafunzi nafasi sawa nje ya masomo, lakini mtumishi wa shule aliyepo kwenye mkutano wa dini anakuwepo bila kushiriki. Unaweza kukaa nyuma kama mwangalizi. Kuwafundisha uumbaji hapo hapana. Kanisani Jumapili, kwa muda wako, hilo ni lako na hakuna mkuu wa shule anayekugusa.

Sasa hili la usaliti. Unaliona kanisa upande mmoja na sheria upande mwingine. Lakini kesi iliyofuta sheria ya Arkansas ya “uzito sawa”, Januari 1982, ilifunguliwa kwa jina la mchungaji Bill McLean, na miongoni mwa wadai walikuwamo maaskofu wa Methodist, Episcopal, Katoliki na African Methodist Episcopal. Waliona serikali ikianza kufundisha Mwanzo, itakuwa ni Mwanzo kwa tafsiri ya serikali. Simaanishi ukampige baba yule na historia hiyo. Ila je, umewahi kumuuliza anaogopa nini hasa? Mara nyingi mzazi wa namna hiyo anaogopa mwanawe atachekwa. Hilo unaweza kumhakikishia bila kusoma neno lolote: mwonyeshe mpango wa mada, slaidi na maswali ya mtihani. Mwambie mwanawe hatatakiwa kukiri kwamba anaamini, atatakiwa aeleze. Sheria ya Tennessee ya 2014 inamlinda mwanafunzi asibaguliwe kwa kutaja imani yake kwenye kazi ya shule, huku alama zikitolewa kwa vigezo vya kawaida vya somo. Na uzishike ahadi hizo. Mwalimu mmoja wa California alishtakiwa kwa kuuita uumbaji upuuzi wa kishirikina mbele ya darasa, na aliponea mahakama ya rufaa mwaka 2011 kwa kuwa tu sheria haikuwa wazi siku ile.

Huenda hayo yasimtoshe. Huenda akaacha kukusalimia. Siwezi kukuambia hasara hiyo ni ndogo kwa mtu aliyepewa koti na kanisa hilohilo.

Kwa swali la Adamu, kuna njia kadhaa na zote zina bei. Ukisema “mambo ya imani yangu nayaacha nyumbani, hapa nakufundisha ushahidi,” ni salama, ingawa wengine wataona unawakwepa. Ukijibu kwa sentensi moja kwamba wewe ni Mkristo na unakubali sayansi hii, baadhi ya watoto watapumua, lakini mzazi asiyeamini anaweza kuuliza kwa nini imani yako imetajwa. Ukirefusha zaidi ya sentensi hiyo, umeshaanza kufundisha dini. Vyovyote utakavyochagua, jibu liwe lilelile vipindi vyote, maana wanafunzi hulinganisha.

Mada yenyewe unaweza kuifungua kwa namna inayopunguza joto. Ukianza na picha ya nyani, siku imekwisha. Anza na kitu unachokijua kuliko walimu wote wa jengo hilo: selimundu na malaria. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuta jeni ya selimundu kwa wingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na kwa uchache nyanda za juu zisizo na malaria, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba wenye jeni moja hukingwa dhidi ya malaria.

Kila kikundi kipe mfuko wa karatasi wenye maharage 75 mekundu, jeni ya kawaida, na 25 meupe, jeni ya selimundu. Wanachomoa mawili mawili bila kuyarudisha, kila jozi ni mtoto mmoja, hadi mfuko uishe: watoto 50. Meupe mawili, mtoto hakuishi. Mekundu mawili, rusha sarafu. Upande mmoja malaria imemchukua. Moja jekundu moja jeupe, ameishi. Hesabu maharage ya walioishi, tafuta asilimia ya meupe, jaza mfuko upya hadi 100 kwa uwiano huo, rudia. Kwa wastani meupe yatapanda kutoka 25 hadi karibu 29, na vizazi vikiendelea yataelekea thelathini na tatu hivi. Kesho yake anza upya na meupe 25, ondoa sarafu, yaani hakuna malaria: yatashuka hadi 20, kisha 17. Yanayoharibu zoezi ni matatu: maharage ya ukubwa tofauti ambayo vidole huyatambua, mfuko usiotikiswa, na vikundi kuwarudisha waliokufa mfukoni. Kikundi kimoja kikipata matokeo ya ajabu usiogope, 50 ni wachache; jumlisha ya darasa zima. Na chunga usimfanye mfano mtoto mwenye selimundu, kwa Tennessee huenda yumo darasani.

Wakishaona uteuzi wa asili ukitokea mikononi mwao, ushahidi wa visukuku unakuja kama hatua inayofuata, na Olduvai unaijua.

La mwisho ni viza, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi. Unachukulia kwamba kukataa ni kufukuzwa. Kinachotokea mara nyingi kwa mwalimu asiye na ajira ya kudumu ni mkataba kutoongezwa tu, na hilo hutokea mwisho wa mwaka, ukiwa na muda wa kujipanga. J-1 yako imefungwa kwa mdhamini na kwa shule iliyokupokea. Kuhamia shule nyingine kunawezekana mdhamini akikubali, kwa hiyo asisikie habari hizi kutoka kwa mkuu kabla hajazisikia kwako. Mpigie mapema, umweleze kwamba umeomba ufafanuzi wa maudhui. Ukiachishwa programu, zile siku 30 za kujiandaa kuondoka huzipati, ni za aliyemaliza salama, ndiyo maana kujiuzulu kwa hasira kungekugharimu zaidi. Kama hujajiunga na chama cha walimu, Tennessee Education Association, jiunge sasa. Vyama vya namna hii kwa kawaida havibebi kesi iliyoanza kabla ya uanachama. Waulize hilo wazi siku unayojaza fomu. National Center for Science Education, kituo kinachotetea ufundishaji wa mageuko, nao huwashauri walimu bila malipo, na wameshaona karatasi nyingi kama hiyo yako.

Barua ya mkuu ningeitanguliza kabla ya hayo mengine yote, na majibu yake, au ukimya wake, yatabadilisha mengi niliyoandika hapa. Ukiyapata kabla ya Machi, tuletee, tuyasome pamoja.